Mzee Hakuna na Kochi Lililopumua

Alikuwa na jina zuri la ubatizo, lakini hakuna aliyelitumia, labda Mungu peke yake. Wakubwa, wadogo, wateja, hata mkewe akikasirika, wote walimwita Mzee Hakuna. Jina hilo alijitakia mwenyewe. Kila mwaka, kwenye darasa la watu wanaojiandaa kupokelewa kanisani, yeye ndiye aliyepewa somo la mizimu na mapepo, na kila mwaka mtu wa benchi la nyuma aliuliza, "Mzee, mizimu ipo kweli?" Naye alivuta pumzi, akapiga meza kwa kiganja, akanguruma: "Hakuna!" Meza ile ililegea miguu kwa ajili ya neno hilo moja, na ni yeye huyo huyo aliyeikaza kila baada ya somo, maana kwa kazi yake alikuwa fundi wa makochi.

Somo lenyewe lilikuwa ulimini. Aliyekufa yuko mikononi mwa Mungu, na mikono ile haivuji. Hazururi gizani, hagongi mabati, wala harudi kuuliza nani amevaa viatu vyake. Ukisema umemwona marehemu mjomba wako dirishani, basi umeona pazia, au homa imekupanda kichwani. Hata wanafunzi wa Bwana, watu waliokulia kwenye maji, walipomwona akija kwa miguu juu ya mawimbi walipiga mayowe kwamba ni mzimu, kumbe ni yule yule waliyemhitaji. "Woga," alisema, "una macho makubwa na hauoni kitu." Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa tahadhari, aliongeza kwa sauti ya chini kwamba pepo wachafu wao wapo, Maandiko yanasema, na kwamba shetani anaweza kuvaa koti la marehemu ili awachanganye walio hai. Hicho kilikuwa kijimlango cha nyuma cha somo lake. Yeye aliona amekiweka kwa ajili ya mafundisho sahihi tu, kumbe ndicho ilichopitia hofu yake yote kuingia na kutoka.

Kwa sababu hofu alikuwa nayo, tena ya kutosha watu wawili. Mganga hajigangi. Giza likishaingia hakwenda uani bila wimbo wa kanisa: kwenda aliimba pole pole kwa sauti nene, kurudi aliimba beti zote kwa mkupuo. Mkewe, aliyekuwa akishona vitambaa kwa cherehani kwenye karakana hiyo hiyo ya mumewe, alikuwa amezoea. "Leo umerukaruka kiitikio," angemwambia akiingia anahema.

Sasa huyu ndiye mtu aliyeletewa kochi la marehemu.

Aliyelileta ni mjane wa mwalimu wake wa hesabu wa shule ya msingi. Watu walimwita Mama Mwalimu enzi za mumewe, na baada ya mazishi hakuna aliyekuwa na moyo wa kubadilisha. Yule mwalimu hakuwa mchapaji. Wengine walitumia kiboko. Yeye alikuwa akifika kwenye dawati la Mzee Hakuna, anatazama alichokiandika, kisha anashusha pumzi. Pumzi ndefu, ya puani, inaanzia juu na kuishia chini kabisa, mahali ambapo matumaini ya mzazi huishia. Wenzake walichapwa, yeye alipumuliwa, na angechagua kiboko.

Kochi lilikuwa la mtu mmoja, mgongo na mikono ya mahameli ya kahawia, mto wa kukalia wa ngozi ya bandia. Ngozi ilikuwa imepasuka mbele, na sifongo la ndani limekuwa unga. Mama Mwalimu aliweka kiganja juu ya mkono wa kochi, akakiacha hapo muda wote wa mazungumzo.

"Nirudishie kama lilivyokuwa, mwanangu," alisema. "Usiniboreshee."

"Kama lilivyokuwa, Mama. Hutaona tofauti."

"Nyumba imekuwa kubwa. Mengine yote wanangu wamegawana, nami sikatai. Hili nimesema hapana." Alifungua mdomo kama mwenye neno lingine, akamtazama Mzee Hakuna usoni, akaufunga. Akaenda zake.

Mzee Hakuna alifanya kazi ile kwa moyo wote, au tuseme kwa mikono yote, maana moyo ulikuwa kwenye somo la Jumamosi. Alikata sifongo jipya, akalivisha ngozi mpya, akashona mshono maradufu, na kila sindano ilivyoshuka ndivyo alivyozidi kuhutubia.

"Sasa, ndugu zangu, hebu tujiulize," aliliambia sifongo. "Marehemu anarudi kufanya nini?"

"Mimi sijauliza kitu," alisema mkewe kwenye cherehani.

"Sikusemeshi wewe."

"Haya. Msalimie."

Siku aliyolimaliza, mkewe alikuwa ametoka kununua nyuzi. Mzee Hakuna aliliweka kochi katikati ya karakana, chini ya fremu za viti zilizotundikwa ukutani, akaketi juu yake ale mchana. Liliitika vizuri, halikubonyea upande. Alikula, akajipongeza kimoyomoyo, akainuka kwenda kuchota maji kwenye ndoo iliyokuwa mlangoni. Kikombe kilikuwa karibu na mdomo aliposikia nyuma yake.

Fyuuuuu.

Pumzi ndefu, ya puani, ikaanzia juu na kuishia chini kabisa.

Kikombe kilianguka. Mzee wa kanisa, baba wa watoto wakubwa, mtu mwenye funguo za chumba cha vyombo vya ibada, alijiona amevaa kaptura na mkononi ana kalamu ya risasi. Saba mara nane, akili yake ilimuuliza yenyewe bila kuombwa, na hata hapo hakuwa na hakika. Alipozinduka alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la vioo, akimweleza mwenye duka kwamba ametoka kuangalia kama mvua itanyesha. Jua lilikuwa la kupasua mawe.

Alipiga moyo konde akarudi. Alilizunguka kochi kwa mbali, akajikaza kisabuni, akaketi juu yake makusudi, ili kuonyesha, ingawa hakukuwa na wa kumwonyesha. Kimya. "Unaona?" alijiambia. "Hakuna." Akainuka, akapiga hatua kuelekea mezani.

Fyuuuuu.

Safari hii miguu iliamua yenyewe bila kumshirikisha.

Hapo ndipo kile kijimlango cha nyuma kilipofanya kazi. Mzimu haukuwa mzimu, hilo alilishikilia. Hawezi kula matapishi yake. Basi ni pepo. Pepo mchafu amevaa koti la mwalimu wa hesabu, tena amejifunza hadi pumzi zake. Aliona fahari kidogo kwamba mafundisho yake yamesimama. Alisimama kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje kwa usalama wa kiroho, akanyoosha mkono na kukemea kwa sauti ambayo haikufika hata nusu ya chumba. Alipoona kochi halionyeshi dalili ya kutubu, alikwenda nyumbani, akachukua chupa ya mafuta ya kupikia, akayaombea. Maandiko yanasema kupaka. Kupaka kunataka mtu asogee. Aliyarusha kutoka mlangoni, yakatua kwenye mkono wa mahameli, pwaa, yakaanza kutambaa.

Kisha alilirushia kochi shuka mpaka likafunikwa, akapiga marufuku mtu yeyote kulikaribia. "Rangi haijakauka," alimwambia mkewe. Mkewe alilitazama kochi, akamtazama yeye. Makochi ya mahameli hayapakwi rangi. Alirudi kwenye cherehani yake.

Basi kochi likanyamaza. Siku baada ya siku, kimya kama maji mtungini. Mzee Hakuna alifurahi kupita kiasi. Kwenye ibada ya katikati ya wiki aliomba nafasi, akashuhudia kwamba amepigana vita vikubwa na ameshinda. Alitoa ushuhuda mzima bila majina wala samani. Watu walisema amina. Mkewe, kwenye benchi la akina mama, aliona ni vyema afunge kamba ya kiatu, na kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kesho yake kilifika kitambaa cha mteja mwingine, mzigo wa watu wawili, na aliyekibeba akakitupa juu ya kochi lililofunikwa shuka kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Mchana Mzee Hakuna alikiinua kwenda kukikata. Hakuwa amefika mezani. Fyuuuuu. Ilikuwa ndefu kuliko zote, na alipoisikia alikumbuka jambo alilowafundisha wengine kwa miaka: kwamba pepo akitolewa, huzunguka, halafu hurudi na wenzake saba wabaya kuliko yeye. Aliwahesabu ndani ya ile pumzi moja, akawapata wote.

Alikwenda kwa mchungaji. Alimkuta kanisani anapanga viti vya plastiki.

"Mchungaji, nina rafiki yangu."

"Ana nini rafiki yako?"

"Ana kochi. Linapumua."

Mchungaji alibandika kiti juu ya kiti. "Anafanya kazi gani huyo rafiki?"

"Ni... mtu wa samani."

"Ahaa." Mchungaji aliketi. "Mzee mwenzangu, pepo wapo, sitakudanganya, na Bwana ana mamlaka juu yao. Lakini nimeitwa kwenye nyumba nyingi za mapepo. Nyingi nilikuta panya. Nyingine bati limelegea. Nyingine mtu amegombana na mama yake mpaka mama amekufa, na sasa hapati usingizi. Mwambie rafiki yako aangalie hayo kwanza. Akishindwa, aniite, nitakuja kweli."

"Na kama rafiki yangu anaogopa kuangalia?"

"Mlete darasani Jumamosi. Kuna mzee mmoja pale, somo hilo analimudu sana."

Alirudi karakana akiwa mdogo kuliko alivyotoka. Na huko akakuta nini? Shuka limekunjwa vizuri mezani, na mkewe ameketi juu ya kochi la marehemu, miguu ameinyoosha, anapindia pazia.

"Inuka!" alipiga kelele. "Inuka hapo!"

Mkewe aliinuka bila haraka. Wote wawili walisimama. Fyuuuuu, likasema kochi.

"Ndilo hili?" aliuliza mkewe. "Hili ndilo lililomaliza mafuta yangu ya kupikia?"

"Ulijua?"

"Baba, chupa ilikuwa imejaa asubuhi ya siku ile, na mkono wa kochi unanukia maandazi." Aliweka pazia chini. "Nikuulize kitu cha darasani kwako. Bwana alipofufuka, wenzake wakadhani wameona mzimu. Aliwaambia nini?"

Mzee Hakuna alikohoa. Hili alilifundisha kila mwaka. "Aliwaambia wamshike."

"Hakuwaambia wasimame mlangoni?"

"Hapana."

"Akaomba nini?"

"Chakula."

"Basi. Wewe kochi hili umelishika tangu lianze kupumua?"

Alikuwa amelikalia, lakini kwa mikono hakuwa amelishika. Katika karakana ile alikuwa ameshika kila kitu, isipokuwa hicho kimoja alicholipwa kukishika. Alisogea. Alipiga goti mbele ya kochi, mkewe naye akapiga goti karibu yake, na aliyewaona kwa mbali angedhani wanaomba. Alichomoa mto, akaugeuza chini juu. Akaupapasa upande wa tumboni, akaupapasa tena.

Hapakuwa na vitundu.

Ngozi ya bandia haipitishi hewa. Ukiketi, hewa inabanwa. Ukiinuka, sifongo linataka kujaa tena, linaivuta hewa kwa shida kupitia matundu ya sindano, polepole, kwa mluzi. Ndiyo maana kila fundi hutoboa vitundu vya kupumulia chini ya mto. Ni jambo la kwanza anayejifunza kazi hufundishwa, kabla hata ya kushika mkasi, na Mzee Hakuna alikuwa amewafundisha wengi. Vitundu hivi alivisahau kwa sababu saa ya kuvitoboa alikuwa akiliuliza sifongo marehemu anarudi kufanya nini. Pepo alimshona yeye mwenyewe, kwa mshono maradufu.

Mkewe alicheka hadi akajishikilia kwenye cherehani. Yeye alijaribu kuvaa uso wa kazi, ukamvuka, akacheka pia, akacheka zaidi alipokumbuka ule ushuhuda. Kisha alichukua kitoboleo, akatoboa vitundu, akaketi, akainuka. Kimya. Akaketi, akainuka. Kimya kabisa, cha fundi bora. Lile doa la mafuta alilisugua kwa sabuni na kwa unga wa chaki, likafifia lakini likakataa kuondoka, na mahameli ya rangi ile haikupatikana tena madukani.

Mama Mwalimu alikuja kulichukua Ijumaa asubuhi. Alilizunguka, akapapasa mgongo, akaketi. Uso ukalegea. "Hapa," alisema. "Ni hapa hasa." Mzee Hakuna alijisikia vizuri mpaka masikioni.

Kisha mama aliinuka, akapiga hatua kama tatu au nne, akasimama akiwapa wote mgongo. Alisimama hivyo. Mzee Hakuna alidhani anaomba, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Halipumui?" aliuliza Mama Mwalimu.

Cherehani ya mkewe ikasimama.

"Samahani, Mama?"

"Lilikuwa linapumua." Aligeuka, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Tangu tulinunue. Kila akiinuka, lilishusha pumzi nyuma yake. Mimi niko jikoni, nikisikia hivyo najua ameinuka, anakuja mezani. Tulicheka sana, alisema amelifundisha mwenyewe. Halafu ngozi ikapasuka, likanyamaza. Na yeye hakukaa sana baada ya hapo. Niliona likishonwa upya labda litarudi. Si kitu. Umefanya kazi nzuri, mwanangu."

"Lakini Mama, mbona hukuniambia siku ile?"

Mama Mwalimu alitazama sakafu iliyojaa vipande vya uzi. "Nilitaka. Lakini somo lako nalijua, nilikaa darasani kwako. Nikaona utapiga meza."

Mzee Hakuna alikuwa ameaibika mara nyingi siku zile, lakini zile zilikuwa aibu za kuchekesha. Hii haikuwa hivyo. Ilimwingia kifuani ikakaa. Miaka yote alikuwa amewapigia watu meza, akidhani anawafukuzia woga, na huyu mama alikuja na neno moja dogo la kufiwa kwake, akamwangalia usoni, akarudi nalo nyumbani.

"Na wala usidhani nimechanganyikiwa," aliendelea mama. "Najua si yeye. Yeye nimemkabidhi kwa Bwana kwa mdomo wangu, na nitamkuta huko. Sitaki mzimu. Nilitaka kochi langu."

Yule asiyeamini mizimu hata kidogo alikuwa huyu mama, na hakuhitaji meza.

"Mama," alisema Mzee Hakuna, "lilikuwa linapumua. Mimi ndiye niliyelinyamazisha."

"Kwa nini?"

Angeweza kusema vitundu. Ilikuwa kweli, na ingetosha. Alimtazama mkewe, mkewe akamnyanyulia nyusi. "Niliogopa," alisema.

Mama Mwalimu hakuelewa mara moja. Kidole chake kilikuwa kimefika kwenye lile doa la mkono wa kochi. Alikinusa. "Ulilipaka mafuta?"

"Nililirushia, Mama. Nikiwa mlangoni."

"Ukamkemea mume wangu?"

"Kwa jina la Yesu."

"Naye?"

"Aliendelea tu kupumua."

"Ndivyo alivyokuwa," alisema mjane. "Hata mimi hakunisikia." Kicheko kikamshika, akalazimika kuketi, akacheka akiwa ameshika mikono yote miwili ya kochi, machozi yakamtoka, na hapo katikati yakawa machozi mengine. Mke wa fundi alikwenda akapiga magoti karibu naye, akamshika mkono, na hakuna aliyemharakisha.

Alipotulia, Mzee Hakuna alichomoa mto. Alifumua upande mmoja, akakata viraka vya ngozi, akavigandisha kwa gundi juu ya kila kitundu kwa ndani, akavibana kwa vidole mpaka vikashika. Ilikuwa kazi mbovu, kazi ambayo angemfukuzia mtu aliye chini yake. Aliifanya kwa uangalifu ambao hakuwahi kuupa kazi nzuri, na safari hii hakuhutubia chochote. Alikuwa akiwaza kwamba kesho mtu wa benchi la nyuma atauliza, naye atajibu lile lile, hakuna, kwa kuwa ndiyo kweli. Ila kabla ya kujibu atamuuliza amefiwa na nani.

Alirudisha mto mahali pake. "Jaribu, Mama."

"Kaa wewe. Mimi nitasikilizia kule."

Mama Mwalimu alikwenda mpaka mlangoni, karibu na ndoo ya maji, akageukia nje. Mzee Hakuna aliketi kwenye kochi la mwalimu wake. Alikaa kidogo, mikono juu ya mahameli, doa chini ya kiganja chake cha kulia. Kisha aliinuka, akapiga hatua mbili, na nywele za shingo zilimsisimka hata sasa, pamoja na kwamba gundi bado ilikuwa kwenye vidole vyake.

Fyuuuuu.

"Njoo basi," alisema mama kule mlangoni, bila kugeuka, kwa sauti ya mtu aliye jikoni. "Chakula kinapoa."

Mzee Hakuna alifungua mdomo kuitika, akakumbuka kwamba si yeye aliyeitwa.